"Inamaanisha" na "inaashiria": kuna tofauti kweli?

mwandishi_wa_tasnifu
Wakuu, habari zenu. Msimamizi amenirudishia sura ya nne. Nilikuwa nimeandika: "Panya waliopewa dawa walipungua uzito. Hii inamaanisha kwamba dawa inapunguza hamu ya kula." Amekata "inamaanisha" kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika "inaashiria?" na alama ya kuuliza juu yake. Mimi naona ni yale yale. Au kuna kitu sikioni?

Fumbua
Si yale yale, ndugu yangu, na huyo msimamizi amekutendea wema. Nafundisha hisabati, na hapa ndipo naona wanafunzi wazuri wakiteleza. Chukua "lakini" uipachike kati ya kauli ya kwanza na kinyume cha ile ya pili, uone kama sentensi inavunjika. Ikivunjika, andika "inamaanisha"; ikisimama, ni dokezo tu, andika "inaashiria".

"Namba hii inagawanyika kwa 4, lakini haigawanyiki kwa 2." Imevunjika. La kwanza linalazimisha la pili. (Kinyume chake hakilazimiki: 6 inagawanyika kwa 2, kwa 4 haigawanyiki.)

Sasa sikiliza hii: "Baadhi ya wanafunzi wamefaulu." Papo hapo unajua kuna waliofeli. Ila mwalimu akiongeza, "tena wamefaulu wote," hajajipinga. Habari ya kufeli ilidokezwa tu, haikutamkwa. Mwanafalsafa Paul Grice alilichambua jambo hili katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1967: tunachukulia kwamba msemaji anatoa taarifa ya kutosha, kwa hiyo angekuwa na "wote" asingesema "baadhi". Ndiyo maana "Leo umewahi!" humchoma mtu, ingawa hakuna aliyetaja kuchelewa.

Data nazo hudokeza. Sayari ya Uranusi ilikuwa haifuati njia iliyokokotolewa. Mwanaastronomia Le Verrier akasema iko sayari nyingine inayoivuta, na mwaka 1846 mwenzake Galle akaelekeza darubini, akaikuta Neptuni chini ya digrii 1 kutoka mahali alipoambiwa. Sayari ya Utaridi nayo ilikuwa na kasoro katika njia yake. Mwaka 1859 Le Verrier yule yule akatumia hoja ile ile: kuna kitu karibu zaidi na Jua kinaivuta. Watu wakakitafuta miaka na miaka, hakikuwepo. Mwaka 1915 Einstein akaonyesha kwamba kasoro inatokana na jinsi mvutano wenyewe unavyofanya kazi. Vipimo vya Utaridi vilibaki sahihi muda wote huo. Kilichoanguka ni kile walichodhani vipimo vinakisema.

binti_maabara
Naunga mkono, ila "inaashiria" isigeuzwe kichaka cha kujifichia. Chakula mlikipima? Panya anaweza kupungua kwa kupoteza maji, au kwa kuhangaika zaidi ndani ya kizimba. Kama hamkupima chakula, mimi ningeandika "inalingana na dhana kwamba", basi.

mwandishi_wa_tasnifu
Chakula hatukukipima, dada. Tulipima uzito tu, kila asubuhi kwa siku 21. Nimejaribu "lakini" ya Fumbua: "Panya walipungua uzito, lakini hamu yao ya kula haikupungua." Imesimama vizuri kabisa, na hilo limenishtua. Nimeshabadilisha sentensi kama ulivyosema. Kesho naenda kumwomba msimamizi turudie kundi moja, safari hii tupime na chakula kinachobaki kwenye kila kizimba.