Mzee kapata kiharusi, kafeli mtihani wa kuelewa lugha. Huu mtihani una haki kweli?

Mwana wa Mlalo
Wakuu habarini. Naombeni ushauri, kichwa kimejaa.

Mzee wangu (74) alipata kiharusi mwezi wa pili. Mkono na mguu vililegea, sasa anatembea na fimbo. Anaongea, taratibu lakini anaongea. Nyumbani anatuelewa vizuri tu. Ukimwambia "Baba, chai tayari" anakuja mezani.

Wiki iliyopita tulimpeleka kliniki wakampima kama anaelewa lugha. Mtaalamu mwenyewe binti mdogo. Akapanga mezani vidude vya plastiki, vya duara na vya pembe nne, vikubwa kwa vidogo, rangi tano. "Gusa duara jekundu." Mzee akagusa. "Gusa mraba mdogo wa kijani na duara kubwa jeupe." Mzee akaganda, akagusa kimoja, akanitazama mimi. Zikaja picha mbili: moja mvulana anamsukuma msichana, nyingine msichana anamsukuma mvulana. "Nionyeshe: mvulana anasukumwa na msichana." Akaonyesha ya kinyume. Mwisho akavikusanya vile vidude, akamrudishia binti wa watu na kusema "asante mama".

Wameandika "uelewa hafifu wa lugha". Mimi sikubali. Huo mtihani unapima nini hasa? Na nitapata wapi daktari mwingine wa kuandika kwamba Mzee anaelewa? Iwe kabla ya Ijumaa.

Kigoda Kirefu
Pole sana mkuu. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

Shangazi Koku
Pole mwanangu. Marehemu mume wangu alipata hiyo kitu, kila kitu kwake kikawa "ndoo". Chumvi ndoo, rimoti ndoo, mimi mwenyewe ndoo. Siku moja akaita "ndoo!" nikampelekea ndoo kweli, akalia. Kumbe alikuwa anataka mjukuu wake. Nyie vijana dawa za presha mnaacha mkijisikia nafuu, matokeo ndiyo haya.

Mwana wa Mlalo
Asante shangazi. Ila swali langu ni la mtihani.

nesi_wa_zamu
Hilo la "chai tayari" lisikudanganye. Mzee anasikia vikombe, ananusa tangawizi, anaona saa nne imefika, anaona na wewe umesimama mlangoni. Kesho kaa kimya jikoni bila kupika chochote, halafu mwambie kwa sauti ileile "gari tayari". Akija mezani, jua alikuwa anakusoma wewe, maneno hajayafuata. Familia nyingi zinaamini mgonjwa anaelewa kila kitu kwa sababu nyumbani mazingira yanamsaidia.

Ule mtihani umetungwa makusudi kumnyang'anya huo msaada. Wa vidude ni wa Waitalia wawili, De Renzi na Vignolo, wa 1962. Hakuna cha kubahatisha, lazima kila neno ulishike. Lakini hapohapo ndipo penye lawama yake, maana kuelewa lugha hakuji peke yake. "Mraba mdogo wa kijani na duara kubwa jeupe": lazima akumbuke mwanzo wakati mwisho unaingia, asihamishwe mawazo na kelele za korido, macho yapekue meza yote, mkono utii. Kimoja kikiyumba, karatasi inaandika "haelewi". Na "anasukumwa" imebebwa na herufi moja tu, ile w. Ikikupita, aliyesukumwa anakuwa msukumaji.

Babu wa Mtaa wa Pili
Mzee kasoma hadi darasa la ngapi? "Mraba" ni neno la ubaoni. Mimi hapa nina miaka 68, tangu nimalize shule sijawahi kumwambia mtu anipe mraba.

Mwana wa Mlalo
Darasa la nne la zamani. Nyumbani tunaongea Kisambaa! Basi hapo si nina hoja? Kapimwa kwa lugha isiyo yake. Naombeni jina la daktari sasa.

Karani Mstaafu
Ijumaa kuna nini?

Mwana wa Mlalo
Mambo ya familia tu mkuu.

Karani Mstaafu
Mambo ya familia hayana Ijumaa. Nimekaa ofisi ya mtaa miaka mingi, barua ya "anaelewa" naijua inaendaga wapi. Sema.

Mwana wa Mlalo
Sawa. Kuna kiwanja cha Mzee tunauza. Wakili kasema hashuhudii bila barua ya daktari kuwa Mzee ana ufahamu. Mnunuzi anakuja Ijumaa. Na kabla hamjaanza: mimi ndiye ninayemuuguza, mazoezi ya viungo nalipa mimi, dada zangu wako Tanga wanapiga simu Jumapili tu. Mzee aliwahi kusema mwaka juzi kile kiwanja ni changu. Nimeshapokea milioni tatu za mwanzo.

Kigoda Kirefu
Ehee. Nimevuta kiti karibu.

Dalali Mwaminifu
Kiwanja kipo wapi na ukubwa gani? Njoo inbox.

Shangazi Koku
Dada zako wanajua?

Mwana wa Mlalo
Watajua. Hii si dhuluma, ni dole gumba tu. Mkono wake wa kulia ni mzima kabisa, uliolegea ni wa kushoto.

Mpiga Darubini
Umejikamata mwenyewe. Kwa watu wengi lugha ipo ubongo wa kushoto, tunajua hivyo tangu enzi za daktari Mfaransa Broca, 1865. Ubongo wa kushoto ukipigwa mwili unalegea KULIA. Wewe mgonjwa wako kalegea kushoto halafu kapoteza lugha. Hii ni chai, tena ya maziwa. Mods fungeni uzi.

Kigoda Kirefu
Nilijua tu. Hiyo "asante mama" ilikuwa tamu kupita kiasi.

Mwana wa Mlalo
Mnaniita mwongo baba yangu akiwa amelala chumba cha pili? Nitaapa kwa lipi?

nesi_wa_zamu
Mpiga Darubini subiri kwanza. Ulichosema ni kweli, na ndiyo maana hii siiti chai. Ubongo wa kulia ukiumia, mara nyingi kinachopotea ni upande wa kushoto wa dunia. Macho mazima, ila akili haiendi huko. Ananyoa shavu moja, anajigonga kwenye mlango. Mwambie mtu huyo aguse kidude kilicho kushoto kwake mezani: maneno kayaelewa, kidude kwake hakipo.

Mleta uzi, jibu mawili. Ile picha sahihi ilikuwa upande gani? Na sahani ya Mzee inabakije akimaliza kula?

Mwana wa Mlalo
Picha ilikuwa kushoto. Sahani anaacha mboga kila siku. Mama huwa anaipakua upande wa kushoto. Tulijua kaichukia mchicha.

nesi_wa_zamu
Leo usimwambie neno. Akinyanyua mkono kumaliza, izungushe sahani nusu duara.

Na lile la barua: hata kama lugha yake ni nzima, usikimbilie kushangilia. Wagonjwa walioumia ubongo wa kulia wanaweza kuongea vizuri kabisa na bado wasijue kuwa wao ni wagonjwa, au wasione hatari iliyo mbele yao. Kugusa duara jekundu na kupima bei ya kiwanja ni mambo mawili.

Karani Mstaafu
Hata Sheria ya Mikataba inataka mtu aelewe NA aweze kupima kama jambo lina faida kwake. Kama hawezi, njia ni mahakama iteue wa kusimamia mali, dada zako wakiwepo.

Mwana wa Mlalo
Nimerudi. Nimeizungusha. Mzee akashtuka kama kaletewa sahani mpya, akala mchicha wote, akauliza kwa nini siku zote tunamnyima mboga. Mama katoka nje.

Kliniki wamesema turudi Jumanne, vitu vipangwe mbele yake kwa wima, na mimi nitafsiri kwa Kisambaa.

Shangazi Koku
Mungu mkubwa. Usitafsiri wewe lakini. Mlete mtu asiye na kiwanja.

Karani Mstaafu
Na zile milioni tatu?

Mwana wa Mlalo
Zimeshakuwa bati mkuu. Ziko juu tayari.