Kurekodi kumbukumbu za kwanza za utotoni za wazazi: nianzeje?

Wakuu habari. Mama amekulia Mwanga, Kigoma, kazaliwa 1963. Nataka kurekodi anayoyakumbuka ya nyumbani kwao. Nimuulize nini?

Jibu 1
Usiulize "unakumbuka nini cha kwanza?" Atakurudishia hadithi aliyosimuliwa. Mpe karatasi achore nyumba: mlango, ua, jiko, nani alilala wapi. Kisha tembea naye chumba kwa chumba. Sakafu ilikuwa udongo au saruji? Nani aliwasha moto alfajiri? Dagaa walianikwa upande gani? Harufu na sauti huleta mengi kuliko tarehe. Na usimtajie jibu: ukisema "bibi alikuwa mkali, eti?", umeshaharibu.

Jibu 2
Nakubaliana na mkuu hapo juu. Watu wengi kumbukumbu yao ya kwanza ni ya miaka 3 hadi 4, kwa hiyo akisema ya mwaka mmoja, huenda ni picha ya ukutani au maneno ya shangazi. Umri upime kwa mdogo wake aliyemfuata: alikuwa tumboni au keshazaliwa? Cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki itakupa mwaka.

Jibu 3
Simu iweke kwenye hali ya ndege, juu ya kanga iliyokunjwa, mkono mmoja kutoka kinywani. Mvua ikipiga bati, ahirisha. Dakika 40 zinatosha. Ndugu zake wahoji mbalimbali; wakikaa pamoja, mkubwa atawasahihisha wote.