Shangazi katumaliza: gumzo la kundi baada ya mchezo wa mafia

*Kundi: Ukoo – Michezo ya Usiku*

Ba'mdogo Kheri: Mchezo umekwisha. Wamebaki Dada Rehema na Musa, mmoja kwa mmoja, na kwa kanuni zetu mafia wakilingana idadi na raia wameshinda. Kwa asiyeujua mchezo: tulianza tisa, mafia wawili wa siri, Dada Rehema na Juma, dhidi ya raia saba. Usiku mafia wanachagua wa kuua, mpelelezi anapeleleza mtu mmoja na daktari analinda mtu mmoja; mchana wote tunapiga kura kumtoa mtuhumiwa, na mimi ndiye mwendeshaji. Waliokufa wote ruksa kusema sasa.

Mama Juma: Nimenyamaza tangu mchana wa kwanza mpaka taya zinauma. REHEMA!!

Hamisi: Mimi nimekufa usiku wa kwanza kabla sijaandika hata neno moja. Naomba kusomewa mashtaka yangu.

Shangazi Rehema: Huna mashtaka mwanangu. Ndiyo maana ulikufa.

Musa: Ngojeni kwanza. Yaani nimemtoa Bibi?

Bibi: Umenitoa mjukuu wangu. Nimeshakusamehe ila sijasahau.

Asha: Shangazi kamuua baba yake, kamtoa mama yake, kamtoa na wifi yake. Mchezo mmoja jamani 😂

Shangazi Rehema: Wifi sikumtoa mimi. Pandisha juu utazame kura yangu ya siku ya kwanza ilikwenda kwa nani.

Asha: ...ilikuja kwangu.

Shangazi Rehema: Haya.

Mama Juma: Lakini wewe ndiye uliyeniuliza "wifi, mbona leo umeamka mapema kuliko wote?" Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia.

Shangazi Rehema: Niliuliza tu. Aliyeshtaki ni Musa. Swali halina mwenyewe, likishaokotwa ni la aliyeliokota. Ulipokufa na ikaonekana wewe ni raia, watu walimgeukia Musa, hakuna aliyekumbuka nani aliuliza.

Musa: Kweli nilisulubiwa siku nzima.

Mama Juma: Na Juma akanipigia kura. Mtoto niliyemzaa.

Juma: Mama, wenzangu wanne walikuwa wameshapiga. Ningekataa ningeonekana 🙈

Zawadi: Mama Juma, nami niseme tu mapema kabla hujasikia kwa wengine. Usiku wa kwanza nilikupeleleza wewe. Nilijua ni raia.

Mama Juma: Ukanyamaza??

Zawadi: Nilikupigia kura ya HAPANA. Ningesema nilijuaje, usiku uleule ningekufa.

Babu: Hapo Zawadi yuko sawa. Mpelelezi hajitokezi kwa ajili ya raia mmoja. Anajitokeza akiwa na mafia mkononi.

Mama Juma: Sawa Baba. Lakini moyo umeniuma.

Hamisi: Turudi kwangu. Kwa nini mimi?

Shangazi Rehema: Kwa sababu hukuwa umegombana na mtu. Mafia wengi wapya wanaua anayewasumbua. Sasa akifa, asubuhi watu wanauliza nani alikuwa na ugomvi naye, na jibu liko palepale kwenye kundi. Kifo chako hakikumwelekea mtu yeyote. Walibaki kuulizana "kwa nini Hamisi?" saa nzima, na saa ile ni mali yetu.

Babu: Mimi ningemuua Zawadi. Ndiye anayecheza vizuri kuliko wote humu.

Shangazi Rehema: Ndiyo Baba, na wewe daktari usiku wa kwanza ulimlinda nani?

Babu: ...Zawadi.

Shangazi Rehema: Basi. Daktari naye anafikiri hivyohivyo. Usiku wa kwanza mchezaji hodari ndiye mwenye ulinzi. Mwache aishi, utamjia baadaye.

Juma: Mimi ndiye nilisema tumpige Zawadi. Akanikatalia inboksi.

Asha: Na Bibi je, usiku wa pili? Ba'mdogo alisema kuna mtu kaokolewa, hatukuambiwa nani.

Shangazi Rehema: Alikuwa Mama. Kila mtu anamwamini, na mtu anayeaminiwa na wote ukimwacha afike mwisho atakumaliza. Akaokolewa.

Bibi: Nani aliniokoa?

Babu: Nani mwingine.

Bibi: ❤️

Shangazi Rehema: Na hapo ndipo mchezo wote ulipo, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuona. Pandisheni juu, asubuhi ya siku ya pili. Kheri kaandika: "Jana usiku mafia walimvamia mtu, daktari akamuokoa. Hakuna aliyekufa." Basi. Hakutaja jina. Sasa someni ujumbe wa Baba chini yake.

Zawadi: Natafuta.

Zawadi: Nimeupata. "Alhamdulillah, la muhimu bibi yenu yuko salama."

Musa: 😳

Hamisi: BABU!!!

Babu: Nilifurahi jamani.

Shangazi Rehema: Asubuhi ile watu waliojua ni Mama aliyevamiwa walikuwa watatu, mwendeshaji akitolewa: mimi, Juma, na daktari. Baba si mimi wala si Juma. Kwa hiyo nikamjua daktari kwa sentensi moja, na nikakaa kimya. Juma alitaka kumchokoza "Babu umejuaje?" nikamzuia haraka inboksi.

Juma: Nilidhani ni nafasi ya kumtilia shaka.

Shangazi Rehema: Ungemtilia shaka angejitetea, angesema yeye ni daktari, na hapohapo kijiji kingejua pia kwamba Mama ni raia. Ukiona kitu ambacho kijiji hakijakiona, usikionyeshe eti uonekane mwerevu. Hiyo tamaa ndiyo inayowakamata mafia wengi.

Zawadi: Kwa hiyo mimi nilipojitokeza mchana uleule na kumtaja Juma...

Shangazi Rehema: Nilishajua nani atakulinda usiku.

Juma: Hebu tuongelee hapo. Kura ya kwanza dhidi yangu iliwekwa na Shangazi. Kabla hata Zawadi mwenyewe hajaweka yake!

Shangazi Rehema: Tulikubaliana usiku wa kwanza. Mmoja akinaswa, mwenzake apige kura ya kwanza.

Juma: Tulikubaliana, lakini sikudhani utaifanya ndani ya dakika mbili. Hata huruma ya kujifanya unafikiri hukuwa nayo.

Shangazi Rehema: Ulikuwa umeshakufa mwanangu. Kilichobaki ni kifo chako kinunue nini. Ningekutetea, siku inayofuata tungekuwa maiti wawili. Ningechelewa kura, ningekuwa Asha.

Asha: Simu ilikuwa kwenye chaji!! Nimesema mara ngapi?

Shangazi Rehema: Najua. Lakini ulikuwa wa tano, na kura nne zilikuwa zimeshatosha. Aliyepiga baada ya mambo kwisha anaonekana kama amejiunga na msafara kwa aibu. Na tena mimi nilikuwa nimekutaja tangu siku ya kwanza, kwa hiyo siku ya tatu nilipokurudia sikuonekana nimezua jambo jipya. Mtu mwenye shaka ileile kuanzia mwanzo anaonekana mkweli hata kama shaka yenyewe haina kichwa wala miguu.

Asha: Sina la kusema. Nimechukia tu.

Ba'mdogo Kheri: Mimi nilikuwa nasoma inboksi zenu zote na kucheka peke yangu. Lakini Juma nikuulize, Zawadi alipokutaja kwa nini uliandika "sio mimi jamani"?

Juma: Ningeandika nini?

Ba'mdogo Kheri: Ungedai wewe ndiye mpelelezi.

Shangazi Rehema: Asante. Nilikuwa nasubiri mtu aliseme. Ukishanaswa na mpelelezi huna cha kupoteza. "Sio mimi" inasemwa na kila mtu, mwenye hatia na asiye na hatia. Ungesema: "Mpelelezi ni mimi. Usiku wa kwanza nimempeleleza Asha ni raia, usiku wa pili nimempeleleza Zawadi ni mafia, na anajua, ndiyo maana kaniwahi." Sasa kijiji kina wapelelezi wawili na lazima kichague.

Zawadi: Lakini wangenitoa mimi ningeonekana mkweli, kesho yake Juma anatoka. Si ni mmoja kwa mmoja?

Shangazi Rehema: Hesabu vizuri. Mchana ule tulikuwa saba, mafia wawili. Ukitoka wewe tunabaki sita. Usiku tunamuua Baba, watano. Mchana wanamtoa Juma, wanne. Usiku namuua mmoja, tumebaki watatu na mpelelezi hayupo, daktari hayupo. Hapo nahitaji kosa moja tu. Mimi ningeipokea biashara hiyo mikono miwili.

Juma: Kwa nini hukuniambia inboksi basi?

Shangazi Rehema: Ulishaandika "sio mimi jamani". Ungegeuka dakika kumi baadaye nani angekuamini? Dai la aina hiyo unalitunga usiku, pamoja na majina ya uliowapeleleza. Siyo mchana ukiwa na presha.

Hamisi: Hili nalihifadhi 📌

Musa: Nina swali ambalo linanisumbua. Usiku wa tatu kwa nini hukumuua Zawadi? Kila mtu alijua ni mpelelezi. Angeweza kukupeleleza wewe usiku ule, na mchana ungekuwa umekwisha.

Shangazi Rehema: Baba angemlinda. Ningepiga ukuta, na asubuhi Zawadi yuko hai na jina jipya mkononi, na daktari yuko hai. Nilipomuua Baba kwanza, Zawadi alibaki uchi kwa usiku wa nne. Ni kamari, sikatai. Zawadi alikuwa na watu watano wa kuchagua. Lakini mtu aliyepiga kura ya kwanza dhidi ya Juma hakai juu kwenye orodha ya kupelelezwa.

Zawadi: Hukuwepo kabisa kwenye orodha. Nilimpeleleza Musa, maana ndiye aliyemshtaki Mama Juma.

Musa: Na ukanisafisha mbele ya watu. Nikajiona mfalme.

Shangazi Rehema: Nami nikaunga mkono haraka sana, mnakumbuka? Nilitaka Musa awe ndiye mwamuzi wa mwisho. Musa hapandishi juu kusoma. Anasoma ujumbe kumi wa mwisho.

Musa: Shangazi 😩

Bibi: Mimi nilimwambia Musa siku ile ya mwisho, mwanangu mimi si mafia, shangazi yako ananizulia.

Musa: Bibi, ulikuwa umemtetea Juma! Uliandika "mjukuu wangu hawezi kufanya hivyo", na hukumpigia kura. Shangazi akasema angalia nani alimtetea mafia, na kwamba Bibi hajawahi kuguswa usiku hata mara moja.

Babu: Aliguswa! Niliandika mwenyewe!

Zawadi: Na Babu alipokufa Ba'mdogo akatangaza "alikuwa daktari". Yaani Musa ungeunganisha vitu viwili: Babu daktari, na "bibi yenu yuko salama". Bibi anakuwa safi, anabaki Shangazi peke yake. Ushindi ulikuwa umeandikwa humu siku tatu mnapita juu yake.

Musa: Nakwenda kulala.

Ba'mdogo Kheri: Mimi niliogopa ataisoma. Dada Rehema, kusema "hajaguswa" ulijitia kitanzi mwenyewe. Ule ndio uongo pekee wa wazi ulioandika mchezo mzima. Nimerudi nikahesabu.

Shangazi Rehema: Mmoja tu, na ni wa dakika ya mwisho, wakati hakuna usiku mwingine wa kuulipia. Kabla ya hapo yote niliyoyasema yalikuwa kweli. Kwamba Asha kachelewa kura, kweli. Mama kamtetea Juma, kweli. Musa ndiye kamtaja wifi, kweli. Hivyo ndivyo ninavyocheza. Sioni haja ya kutunga wakati raia wenyewe wanatoa mambo ya kutilia shaka kila siku bure.

Juma: Bado naona hatukutendewa haki. Wawili kwa saba?

Ba'mdogo Kheri: Ndivyo ulivyobuniwa. Dimitry Davidoff alipouanzisha miaka ya 1980, pale idara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Moscow, wazo lilikuwa ni wachache wanaojua dhidi ya wengi wasiojua. Saba hawajuani. Wanapiga kura gizani. Kijiji cha tisa, bila daktari kuokoa mtu, kinakufa kikikosea kura mara mbili tu. Ninyi Baba aliwapa nafasi ya ziada na bado mkakosea tatu.

Hamisi: Kwenye Among Us, ule mchezo wa simu wa kumsaka muuaji, mimi nikiwa muuaji nashinda daima, huku nakufa kabla ya kifungua mdomo.

Shangazi Rehema: Kule unajificha kwa miguu. Ulikuwa wapi, ulipita njia gani, nani alikuona. Humu hakuna vyumba, kuna maneno na kura. Ni mchezo mwingine.

Asha: Wiki ijayo tucheze Avalon basi, ule wa karata ambao watu wanatumwa kwenye misafara na wabaya waliojificha wanaweza kuiharibu kwa karata ya siri. Kule hakuna kufa, Hamisi atapona.

Zawadi: Na kule nani anaharibu msafara wa kwanza? Mimi huwa naharibu hapohapo.

Shangazi Rehema: Usithubutu. Tukiwa watano, msafara wa kwanza ni wa watu wawili. Ukiuharibu, wote wamebaki na watuhumiwa wawili, mmoja ni wewe. Upitishe, uaminike, upelekwe tena kwenye wa watu watatu.

Zawadi: Na kama mimi na mwenzangu mbaya tuko wote ndani?

Juma: Mkiharibu wote zinatoka karata mbili mbaya, mmejichoma.

Shangazi Rehema: Juma anaanza kuelewa.

Mama Juma: Mwendeshaji wa wiki ijayo ni mimi. Nimeshachoka kutolewa na mtoto wangu. Na naweka kanuni: kura zote zinabandikwa juu ya kundi, kila mtu aone nani alimpigia nani na kwa mpangilio.

Ba'mdogo Kheri: Naunga mkono.

Babu: Naunga mkono. Na mimi nisipewe udaktari.

Mama Juma: Baba, siwezi kuahidi, nagawa kwa bahati nasibu.

Zawadi: Shangazi, swali la mwisho. Wakibandika kura zote, utajifichaje?

Shangazi Rehema: Hilo niulize baada ya wiki ijayo.