Kulinda afya ya mafundi wanaopuliza rangi za thina: nianzie wapi?

Mwenye Gereji wa Chuno (Mtwara)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninamiliki gereji ndogo hapa Mtwara mjini, ambayo kazi yake kubwa ni kunyoosha bodi na kupaka magari rangi, na malori yanapoanza kuandaliwa kwa msimu wa korosho tunapuliza tangu asubuhi hadi magharibi. Banda letu limezungushiwa mabati pande tatu, na upande wa nne tunashusha turubai wakati wa kupuliza, kwa sababu kusi huleta mchanga unaonata kwenye rangi mbichi, na hakuna mteja anayepokea gari lenye chembechembe. Mara nyingi tunatumia rangi za kawaida za thina, lakini kwa wanaotaka mng'aro wa kudumu tunatumia rangi na klia (rangi angavu ya juu) za kuchanganya na hadena, yaani kimiminika cha kuigandisha rangi iwe ngumu.

Vijana wangu wawili wananitia wasiwasi. Mmoja huumwa kichwa na kuona kizunguzungu kila jioni, kisha asubuhi huamka mzima. Wa pili hubanwa na kifua usiku na kukohoa, hali ambayo hupungua anapokwenda kwao Newala kupumzika na kurudi siku chache baada ya kushika tena bunduki ya kupulizia rangi. Nimekuwa nikiwanunulia barakoa za duka la dawa pamoja na maziwa, kama ilivyo desturi ya gereji nyingi. Naomba kujua kama maziwa hayo yana faida yoyote, kama harufu ikiisha ndiyo dalili kwamba hewa imekuwa salama, na kwa fedha kidogo nilizonazo nianze kununua nini.

Mkaguzi Mstaafu

Ndugu, nitaanza na maziwa kwa kuwa jibu lake ni fupi. Mvuke wa thina huingia kwa pumzi, hupita mapafuni na kufika kwenye damu moja kwa moja, ilhali maziwa hushuka tumboni, hivyo viwili hivyo havikutani. Wape vijana maziwa kama chakula, lakini usiyahesabu kuwa kinga.

Barakoa za duka la dawa nazo hazizuii mvuke hata kidogo. Zitanasa sehemu ya ukungu wa rangi, na ndiyo maana fundi anapoivua na kuikuta imebadilika rangi huamini kwamba imemkinga, wakati tolueni na zaileni, kemikali za ndani ya thina ambazo ndizo zinazomlevya kijana wako wa kwanza, zimepita bila kizuizi.

Hata hivyo, sikushauri uanze na barakoa ya aina yoyote. Anza na banda. Mvuke wa tolueni ni mzito kuliko hewa takribani mara tatu, kwa hiyo hushuka sakafuni, hujaa katika shimo la kukagulia magari na kutulia humo, na upenyo wa juu karibu na paa hauusaidii kutoka. Toboa ukuta chini, karibu na sakafu, uweke feni ya kuvuta hewa nje, na upande wa pili uache mlango wa kuingizia hewa uliofunikwa kwa kitambaa kizito cha kuchuja mchanga. Fundi asimame upande inakoingia hewa safi, ili ukungu umkimbie badala ya kumpitia usoni. Kwa kuwa kusi na kaskazi hupishana, feni inayotoa hewa kuelekea kaskazini itafanya kazi vizuri miezi ya kusi, kisha upepo ukigeuka itakuwa inashindana nao. Ni afadhali uandae matundu mawili tangu mwanzo. Feni yenyewe isiwe ya kawaida ambayo mota yake inakaa ndani ya hewa inayovutwa, kwani tolueni hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, na sote tunalijua joto la Mtwara. Mota ikae nje ya njia ya mvuke, au iwe ya aina isiyotoa cheche.

Kuhusu harufu, jibu linategemea kopo ulilofungua. Thina inanuka mapema, ingawa pua huizoea na kuacha kukuonya. Hadena ni jambo jingine kabisa. Ndani yake mna kemikali za jamii ya isosayaneti, ambazo pua ya binadamu huanza kuzinusa zikiwa zimeshazidi kiwango cha hatari. Uingereza, kwa mfano, kikomo cha saa 8 za kazi ni miligramu 0.02 tu katika mita moja ya ujazo ya hewa. Ukungu wake huendelea kuelea dakika kadhaa baada ya bunduki kuzimwa, ukiwa mwembamba kiasi cha kutoonekana, na hapo ndipo mafundi wengi huinua barakoa ili waukague mng'aro wa kazi yao. Ukitaka kujua banda lako huchukua muda gani kusafika, chagua siku isiyo na kazi, toa nje makopo yote ya rangi na thina, fukiza makumbi ya nazi hadi banda lijae moshi, zima kabisa moto, kisha washa feni na uhesabu dakika mpaka moshi uishe. Ongeza nyingine kadhaa juu yake, na mtu yeyote asivue kinga wala kuingia bila kinga kabla ya muda huo kupita.

Fundi Rangi wa Lindi

Nimesoma kwa heshima maelezo ya Mkaguzi, lakini ni vyema tuzungumze pia kama watu wanaoishi kwa kazi hii. Mteja wa huku analipa kidogo na anataka gari lake kesho. Sisi wa zamani tulifunga kitambaa chenye maji puani na tukalea watoto. Sisemi kwamba kila mtu alibaki salama, kwani wapo wenzetu ambao leo mikono inatetemeka na kumbukumbu imekuwa hafifu, nasi tulidhani ni uzee.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba si kila kitu kinahitaji kupulizwa. Chesisi ya lori, mbao za bodi na sehemu za chini zinapakwa vizuri tu kwa brashi au rola, na ukungu wote huo haupatikani. Vijana hupuliza kila mahali kwa sababu ni haraka, kisha hufungulia upepo wa kompresa mpaka mwisho, ambapo sehemu kubwa ya rangi hurudi hewani badala ya kukaa kwenye bati. Bunduki za presha ndogo zinazotumia upepo mwingi zinapunguza hasara hiyo, na akiba ya rangi itakurudishia fedha ya bunduki.

Jambo la pili ni thina za kupimiwa zinazouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Hujui ndani kuna nini. Nyingine zimechanganywa na petroli, na nimeona mtoto akikaribia kunywa kutoka kwenye chupa ya namna hiyo. Nunua kopo lililofungwa na lenye lebo.

Muuguzi wa Mikindani

Shikamoo Mzee wangu wa Lindi. Umesema kweli kuhusu petroli, na sababu ya kuiogopa ni kwamba ina benzeni, ambayo husababisha saratani ya damu. Kuhusu kitambaa chenye maji, naomba nitofautiane nawe kwa adabu: tolueni karibu haiyeyuki katika maji, kwa hiyo kitambaa hicho hunasa matone ya rangi na kuacha mvuke uendelee na safari yake.

Mwenye Gereji, kijana wako wa pili asisubiri banda litobolewe. Kifua kinachobana usiku, kinachotulia akiwa mapumzikoni na kurudi akianza kazi, ni maelezo ya pumu inayotokana na kazi, na mahali penye hadena, isosayaneti ndiyo ya kwanza kushukiwa. Mwili ukishaikataa kemikali hiyo, kiasi kidogo sana kinatosha kumletea shambulio kali, hata akiwa anafanya kazi nyingine karibu na banda, na kadiri anavyoendelea kuivuta ndivyo uwezekano wa kupona kabisa unavyopungua. Mwondoe leo kwenye upulizaji na uchanganyaji, umpe kazi ya mbali bila kumpunguzia ujira, kisha aende hospitali, Ligula kwa mfano, na amweleze daktari anapuliza nini. Ajitahidi kwenda na lebo ya hadena au picha yake, kwa sababu akisema tu kwamba anakohoa atapewa dawa ya kikohozi na kurudi bandani. Daktari anaweza kumpa kifaa kidogo cha kupima nguvu ya pumzi, ambacho atakipuliza angalau mara nne kwa siku na kuandika matokeo kwa wiki mbili hadi nne, zikiwemo siku za kazi na za mapumziko. Daftari hilo ni ushahidi mzuri pia mbele ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwani magonjwa yatokanayo na kazi yanahusika, si ajali peke yake, na mwajiri wa Tanzania Bara anatakiwa kuwa amejisajili.

Tafadhali wakataze pia kunawa mikono kwa thina. Inapenya kwenye ngozi na kuikausha hadi ipasuke. Sabuni na mafuta ya kula huondoa rangi nyingi ikiwa bado mbichi, na wanapochanganya rangi wavae glovu za nitraili, si zile nyembamba za mpira zinazolainika kwa thina.

Mwenye Gereji wa Chuno (Mtwara)

Nawashukuru nyote. Kijana nimeshamhamishia kwenye ufundi wa breki, na kesho tutakwenda naye hospitali. Nina swali moja lililobaki, ambalo ni nyeti kidogo. Fundi wangu mkuu anafuga ndevu kwa sababu ya dini, na muuzaji wa vifaa ameniambia kwamba barakoa ya mpira yenye makopo ya mkaa haitamfaa. Je, ni kweli, au anataka kuniuzia kitu cha bei kubwa zaidi?

Mkaguzi Mstaafu

Amekwambia kweli. Barakoa ya mpira hulinda pale tu inapogusa ngozi pande zote, na hewa chafu hupita katikati ya nywele. Hata ndevu za siku mbili tatu zinatosha kuiharibu. Kwa wasiofuga, tafuta yenye vichujio vya mkaa vyenye mstari wa kahawia pamoja na mweupe. Wa kahawia ni wa mvuke na mweupe ni wa chembe. Vifungiwe kwenye kopo lisilopitisha hewa kila baada ya kazi, kwa kuwa vikiachwa wazi vinaendelea kunyonya mvuke na unyevu wa pwani.

Hata hivyo, kwa rangi za hadena nisingemruhusu mtu yeyote, mwenye ndevu au asiye nazo, atumie barakoa hiyo. Kinachotakiwa ni kofia pana inayoletewa hewa safi kwa bomba la mpira, ambayo haidai kunyoa kwa sababu hewa husukumwa kutoka ndani kwenda nje. Usichomeke kofia hiyo kwenye kompresa ya bunduki hivi hivi, kwani kompresa ya mafuta hutoa ukungu wa mafuta na wakati mwingine kaboni monoksaidi. Inahitaji vichujio vya hewa ya kupumua, na mdomo wake wa kuvutia hewa uwe mbali na moshi wa injini na banda la rangi. Gharama yake si ndogo. Ukiona huiwezi kwa sasa, kataa kazi za hadena na ubaki na rangi za kawaida mpaka utakapoiweza, na mteja anayedai mng'aro umwelekeze kwa mwenye vifaa. Ukiwa katika maandalizi hayo, nenda ofisi ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi uisajili gereji, kwani Sheria ya mwaka 2003 inakutaka ufanye hivyo na kuwapima wafanyakazi afya, na uombe pumzi za mafundi wote zipimwe, akiwemo huyo anayeumwa kichwa.