Kumngoja Mungu mahali usipopataka: subira inaishia wapi?

Muuguzi wa Mikindani:
Tumsifu Yesu Kristo. Nilihitimu uuguzi, nikasajiliwa, na tangu hapo nauza dawa katika duka moja hapa Mikindani huku nikituma maombi kila kaunti inapotangaza nafasi. Wenzangu wamekwenda Ghuba. Wanajumuiya wenzangu huniambia nisubiri wakati wa Bwana, na najua wanasema kwa mapendo. Lakini kodi ya nyumba isipotimia najiuliza kama subira hii ni imani au ni woga wangu tu uliovikwa maneno ya dini. Mnanishauri nini?

Katekista mstaafu, Changamwe:
Milele, amina, binti yangu. Soma Yeremia sura ya 28 na ya 29 kwa pamoja, kwa kuwa wengi wetu tumeubandika ukutani ule mstari wa 11 kuhusu mawazo ya amani, tukayaacha yaliyoutangulia. Nabii Hanania aliahidi kwamba katika miaka 2 mateka wangerudi kutoka Babeli. Yeremia akawaandikia mateka hao kwamba ni miaka 70. Kwa hiyo wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe watoto wao na wauombee amani mji uleule walikohamishiwa kwa nguvu. Hebu pima uzito wa agizo hilo! Wengi waliosomewa barua ile wasingeishi kuiona safari ya kurudi. Wahubiri wanaotuahidi muujiza kabla ya mwisho wa mwezi, na hapa Mombasa mabango yao hayakosekani, wamekaa upande wa Hanania. Bustani yako kwa sasa ni duka hilo. Mzee anayekuja na karatasi ya daktari asiyoweza kuisoma, ukamweleza kwamba dawa hii humezwa baada ya chakula na kwamba asiikatize hata akipata nafuu, amehudumiwa na muuguzi, mshahara wako useme usemavyo.

Mama wa Likoni:
Mwalimu amesema vyema, ila tusimfungie dada yetu mlango. Abramu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani, na kule kuondoka kwake ndiko kulikokuwa kumtumaini Mungu. Mtakatifu Ignasi wa Loyola anafundisha kwamba moyo unapokuwa katika ukiwa, yaani huzuni na ukavu wa kiroho, mtu asibadili uamuzi alioufanya alipokuwa na utulivu. Kwa hiyo, dada, usiku ule ambao kodi haijatimia si usiku wa kutia sahihi mkataba wa Ghuba. Amua ukiwa umetulia, umesali na umeshauriana na wazazi wako, kisha hakikisha wakala amesajiliwa na serikali.

Muuguzi wa Mikindani:
Nimewaelewa, asanteni. Lakini mwenye duka hunichelewesha mshahara. Huyo naye nimwombee tu, ninyamaze?

Katekista mstaafu, Changamwe:
Mwombee, na umdai. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 5, anasema mstari wa 4 kwamba ujira uliozuiwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana, na ni baada tu ya hapo, mstari wa 7, anapotuambia tuvumilie kama mkulima anayengoja mvua. Katekisimu nayo, namba 1867, inaihesabu dhuluma kwa mfanyakazi miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni. Mwandikie barua ya heshima yenye tarehe, ukabaki na nakala yake.