Naomba ushauri: namna ya kuhesabu Toyota 2000GT zilizobaki

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa mbinu ya kuhesabu.

Toyota 2000GT, magari ya michezo, zilitengenezwa Japani na Yamaha kwa ajili ya Toyota kati ya 1967 na 1970, na hesabu inayotajwa sana ni magari 351. Jedwali langu lina safu nne: namba ya chesi inayoanza na MF10, namba ya injini, upande wa usukani, na tarehe gari lilipoonekana mara ya mwisho.

Shida ya kwanza ni gari moja kuingia mara mbili. Likiuzwa nchi nyingine hubadilishwa rangi na namba za usajili, likaonekana kama gari jingine. Kwa hiyo nafuata chesi tu. Injini siiamini peke yake: injini yake ya 3M ya sentimita za ujazo 1988 ilijengwa juu ya bloku ya injini ya Crown, kwa hiyo bloku hubadilishwa. Kichwa chenye kamshafti mbili ndicho adimu.

Naomba maoni kwenye haya:

Gari lililooza fremu, likafungwa fremu mpya na kibao cha zamani cha namba ya chesi, ni lile lile? Mimi nasema hapana, ila naweza kubishiwa.

2000GT tisa za aina ya MF12, zenye injini tofauti ya 2M-B, ziwe na orodha yake?

Lisiloonekana miaka 20 niliandike "limekufa" au "halijulikani"? Na picha ya kibao bila picha ya namba iliyogongwa kwenye fremu yenyewe, mnaipokea?