Naombeni ushauri: kuhamia Chromebook na kuweka hesabu za wateja mtandaoni, nipo Dodoma

Mama Leja
Habari za jioni wakuu. Natunza hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa mjini, wengi wana maduka Sabasaba na Majengo, na wachache ni wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Kazi yenyewe ni mauzo na manunuzi, mishahara ya wafanyakazi watatu wanne wa duka, na kuwasilisha ritani za kodi TRA.

Laptopu yangu ni ya Windows, nzito kama tofali, betri ilishakufa. Umeme ukienda na yenyewe imeenda. Nikitoka kwenda Hombolo naiacha nyumbani, naandika kwenye daftari halafu usiku naanza kuingiza upya.

Sasa kuna kijana ana duka la kompyuta upande wa Jamatini, ananiuzia Chromebook iliyotumika, yaani laptopu inayoendeshwa na mfumo wa Google (ChromeOS) badala ya Windows, kwa laki mbili na nusu. Nimeishika, nyepesi, chaji anasema inashinda. Ila ndani ina GB 32 tu. Kijana anasema hilo lisinitishe, maana kila kitu kinakaa mtandaoni. Hapo ndipo roho inaposita. Bando likiisha nipo shambani nabaki na nini mkononi? Na hizi TIN za watu, namba za NIDA, mishahara, niviweke kwa kampuni ya ughaibuni, siku akaunti ikigoma kufunguka niwaambie nini wateja? Mume wangu anasema ninunue flashi kubwa niachane na mambo ya mawinguni.

Naomba mawazo ya wanaotumia, si wanaouza.

Chizi wa Bando
Ngoja wajuvi waje. Naweka kiti hapa.

FundiNkuhungu
Dada, kabla hujauogopa mtandao, iogope kwanza hiyo mashine yenyewe.

Chromebook zinauzwa tangu 2011, kwa hiyo sokoni zimo hadi vikongwe. Kila modeli ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho kutoka Google. Zilizotoka kuanzia 2021 zina miaka 10, na inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, si siku uliyolipa wewe. Za zamani muda wake ni mfupi zaidi, zingine umeshaisha. Itaendelea kuwaka, utafungua YouTube vizuri tu, lakini marekebisho ya usalama hayaji tena, na kwa mtu anayeingia kwenye mfumo wa kodi na hesabu za watu hiyo sio mashine ya kununua hata kwa elfu hamsini. Mwambie kijana aiwashe, aingie mipangilio, sehemu ya Kuhusu ChromeOS, kwenye maelezo ya ziada. Tarehe ipo pale.

Kitu cha pili ndicho kinacholiza watu. Nyingi zinazofika mezani kwangu zilikuwa za shule huko Marekani. Shule inapozigawa kwa wanafunzi inazifunga kwenye mfumo wake, na kama haikuzifungua kabla ya kuziuza, hata ukiifuta mara mia, ikipata intaneti tu inarudi kudai akaunti ya shule. Wauzaji wanajua, wanaiwasha dukani bila mtandao au kwa kuingia kama mgeni, wewe unaona inafanya kazi. Dawa yake: aifute mbele yako, aiunganishe na hotspoti ya simu yako, uingie kwa akaunti yako mwenyewe. Ikikuandikia inasimamiwa na shule sijui wilaya gani, mrudishie na tabasamu.

Mwalimu wa Kongwa
Natumia Chromebook kwa maazimio ya kazi, mitihani na matokeo. Dada, kuhusu bando, kijana kakueleza nusu. Haifi mtandao ukikatika, lakini haijitayarishi yenyewe pia. Ukiwa bado na intaneti ingia Google Drive, ile stoo ya mafaili ya mtandaoni, mipangilio, washa kipengele cha kufanya kazi nje ya mtandao. Kisha yale mafaili utakayoyahitaji Hombolo, bofya moja moja uchague lipatikane bila mtandao. Halafu, na hapa wengi hawafiki, zima Wi-Fi ukiwa bado nyumbani ujaribu kulifungua, uandike namba mbili tatu, ulifunge, ulifungue tena. Likikubali sebuleni litakubali na shambani. Ukirudi kwenye mtandao linapandisha lenyewe ulichoandika.

Mtandao wetu tunaujua. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini nchi nzima tulihangaika. Oktoba 2025 kipindi cha uchaguzi intaneti ikazimwa kabisa. Siku zote hizo niliendelea kusahihisha kwa sababu majedwali yalikuwa ndani ya mashine. Ambacho sikuweza ni kumtumia mkuu wa shule, na hilo hata mwenye Windows lilimshinda.

GB 32 kwa kazi ya maandishi na namba zinatosha. Hazitoshi kama unataka kujaza muvi.

Mzee wa Kikuyu
Mnampa moyo haraka mno. Mei 2024 kule Australia, mfuko wa pensheni wa UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, huduma yao ya Google Cloud ilifutwa kwa kosa la usanidi upande wa Google wenyewe. Watu wakakaa siku kadhaa hawaoni akiba zao. Novemba 2023, watumiaji wa Drive ya kwenye kompyuta walilalamika mafaili ya miezi mingi hayaonekani. Hawa ni Google, sio duka la pembeni. Sasa binti mwenye leja za Majengo akipotelewa atampigia nani simu? Mimi namuunga mkono mumewe.

Mwalimu wa Kongwa
Mzee wangu, shikamoo. Mfano wako ni wa kweli, ila umeishia njiani. UniSuper walirudi hewani kwa sababu walikuwa na nakala kwa mtoa huduma mwingine pia. Wangekuwa na flashi moja kwenye droo, wangesimulia nini? Flashi inaanguka kwenye bajaji, inaingia virusi vya stesheneri, mtoto anachomeka kwenye redio.

Mzee wa Kikuyu
Marahaba mwanangu. Basi tunasema kitu kimoja. Asiweke kwa Google peke yake, wala kwenye flashi peke yake. Ugomvi wangu ni na hilo neno la muuzaji, "kila kitu kinakaa mtandaoni," kana kwamba kikishakaa huko wewe kazi yako imeisha.

Mama Leja
Asanteni sana, nimejifunza mambo ambayo yule kijana hakuyagusa. Nina maswali mengine. Natumia Excel, na mteja mmoja ana jedwali lenye makro, zile amri zinazojiendesha zenyewe, alilotengenezewa na mtu. Mwingine anatumia programu ya hesabu ya QuickBooks, ile ya kuinstoli. Vitafunguka? Na stesheneri ninakochapishia ni ya pale karibu na nyumbani, huwa naingia kwenye imeili kwenye kompyuta yao, napakua, wananitolea kopi. Hiyo ina tatizo?

FundiNkuhungu
QuickBooks ya kuinstoli kwenye Windows, hapana. Ipo ya mtandaoni inayofunguka kwenye kivinjari, lakini ni ya kulipia kila mwezi, zungumza na mteja kwanza. Excel yenyewe utaifungua kupitia kivinjari, au utumie Sheets, majedwali ya Google. Fomula za kawaida zinakubali. Makro haziendeshwi pale, Sheets ina njia yake tofauti ya kuziandika, ni kazi ya kuanza upya. Kwa wateja hao wawili usiitupe Windows yako. Iache mezani ichomekwe kwenye umeme, hiyo nyingine ndiyo ya kutembea nayo. Mfumo wa TRA, wa BRELA wa kusajili biashara, NeST ya zabuni za serikali, vyote unavifungua kwenye kivinjari, huko huna wasiwasi.

Dada wa Kisasa
Swali la stesheneri limenifanya niandike, maana watu wote mmeshikilia mashine na nyaya za baharini wakati mlango uko wazi hapo jirani.

Mama Leja, unapoingia imeili yako kwenye kompyuta ya stesheneri, hiyo imeili ndiyo ufunguo wa Drive nzima. Ukisahau kutoka, anayekuja nyuma yako kuchapisha kadi ya harusi anaona mishahara ya duka la mtu. Usiingie tena pale. Hifadhi unachotaka kuchapisha kama PDF, kiweke kwenye flashi yenye hicho kitu kimoja tu, au kitume kwa WhatsApp ya duka kama si siri. Zile flashi za stesheneri zinazogeuza mafolda yote kuwa shotikati, ujue virusi vile ni vya Windows, Chromebook haviiwezi. Lakini ukiichomeka flashi hiyo kwenye ile Windows ya mezani umeileta nyumbani.

Sasa akaunti. Watu wengi hapa hawanyang'anywi mafaili na wadukuzi wa kwenye sinema. Wanafungiwa nje na laini ya simu. Umesajili akaunti kwa laini ya zamani, ukaiacha bila kuitumia, ikagawiwa mtu mwingine, siku umesahau nywila ujumbe wa uthibitisho unaenda kwa mtu wa Tunduru. Weka namba unayotumia leo, weka na imeili ya pili ya kurejeshea. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha Google itakupa namba 10 za siri za akiba za kuingilia simu isipokuwepo. Ziandike kwenye karatasi, uiweke pale unapoweka hati ya kiwanja. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu ileile, ikiibiwa umepoteza vyote.

Fungua akaunti ya kazi peke yake. Ile GB 15 ya bure inagawanywa kati ya imeili, Drive na Picha. Ukichanganya na picha za send-off na kipaimara itajaa, na ikijaa hata imeili za wateja hazikufikii. Na akaunti isiyoguswa miaka 2 Google wana sera ya kuifuta, kwa hiyo usifungue ya akiba ukaisahau.

Mwisho kuhusu linki. Unapomtumia mteja jedwali lake, andika imeili yake, usichague ile ya "yeyote mwenye linki." Linki ikishatua kwenye grupu la WhatsApp huna mamlaka nayo tena.

Chizi wa Bando
Mtu wa Tunduru 😂😂 Hii ilinikuta na akaunti ya pesa ya simu, acheni tu.

Karani wa Ihumwa
Niongeze la kisheria, halijaguswa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukikusanya NIDA, mishahara na namba za simu za watu kwa kazi yako, inakugusa hata kama ofisi yako ni meza moja sebuleni. Inadai usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kusafirisha taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Ukiweka Drive, faili linaweza kuwa limekaa nchi nyingine kabisa. Sisemi uache. Nasema uwaandikie wateja barua fupi, uwaeleze unatunza wapi na kwa nini, wasaini. Namba za NIDA kama kazi haizihitaji kwenye jedwali, zitoe.

Halafu kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5. Drive sio stoo ya miaka 5 kwa kujiwekea tu. Ukifuta faili huku, linafutika na kwenye simu na kwenye mashine, linakaa kwenye pipa la taka siku 30 halafu basi. Kwa hiyo kila ukimaliza mwezi wa mteja, lipakue kama Excel na kama PDF, liweke kwenye eksteno, diski ya kuchomeka nje. Usinakili ile alama ya Sheets ukadhani umechukua faili, mara nyingi ni njia ya kulifikia tu, huko ndani hamna namba hata moja. Fungua nakala hiyo kwenye ile Windows uone namba zipo. Eksteno ikae kwa mama mkwe au ofisini kwa mumeo, isikae kwenye begi moja na laptopu.

Mzee wa Kikuyu
Karani kasema. Hilo la kufungua nakala uone watu wanaliruka sana.

Mama Leja
Nimetoka Jamatini sasa hivi. FundiNkuhungu, Mungu akubariki. Nikamwambia kijana aifute tuingize hotspoti yangu, akaanza kusema mashine inahitaji kupumzika kwanza. Nikasubiri. Ikapumzika, ikafutwa, ikapata mtandao, ikaandika inasimamiwa na shule. Hakubisha sana, akaingia ndani akatoa nyingine, hii ya pili imeingia kwa akaunti yangu bila shida na masasisho yake ni hadi 2031. Anataka laki tatu na ishirini. Mume wangu yuko hapa anasoma, anasema Mzee wa Kikuyu ni mtu wake, ila amekubali kununua eksteno.

Swali dogo la mwisho, hii ya pili imekuja bila chaja yake. Kijana anasema chaja ya simu yangu ya Type-C inatosha.

FundiNkuhungu
Inaingia, lakini ya simu nyingi zina nguvu ndogo, itachaji taratibu, na ukiwa unaitumia inaweza isipande kabisa. Nyingi ya Chromebook hizi zinataka ya wati 45. Soma maandishi ya chini ya mashine. Mwambie akutolee ya laptopu ndani ya hiyo laki tatu na ishirini, usiondoke bila kuichomeka uone inapanda. Na tundu la chaji ulitikise kidogo, likicheza rudisha.